Kabala kwa Anayeanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na kikundi kidogo cha wasomaji, Waislamu, Wakristo na wawili watatu wasio na dini, tukisoma maandiko ya Kabala na kuyafasiri kwa Kiswahili chetu, sentensi baada ya sentensi. Maswali haya hurudi kila anapoingia mtu mpya. Yanaanzia kwenye mambo ya mwanzo na kuishia kwenye yale yenye utata. Mimi si rabi. Ni msomaji aliyetangulia hatua chache.

## Mambo ya mwanzo

Kabala ni nini hasa?

Ni mapokeo ya ndani ya dini ya Kiyahudi yanayouliza Mungu asiye na mwisho anahusiana vipi na ulimwengu huu wenye mwisho, na mwanadamu afanye nini ili aishi karibu Naye. Kwa sura tunayoijua leo yalianza kujitokeza Provence, kusini mwa Ufaransa, katika karne ya 12. Yakavuka kwenda Girona na Castile huko Hispania, na katika karne ya 16 yakastawi Safed, mji mdogo wa milimani huko Galilaya. Nyuma yake kuna maandishi ya kale zaidi, kama kile kitabu kifupi kiitwacho Sefer Yetsira, kinachosema kuwa ulimwengu uliumbwa kwa njia 32 za hekima: herufi 22 za Kiebrania na sefiroti 10.

Jina lenyewe maana yake ni "kilichopokelewa". Mzizi wake Mswahili anao mdomoni kila siku, kwa kuwa Kiarabu, ndugu wa Kiebrania, kilitupa neno *kubali* kutoka mzizi huohuo. Kikatupa na *kibla*, upande ambao mtu anauelekea. Anayenitaka niieleze Kabala kwa maneno mawili, namwambia ni elimu ya kupokea: unapokea nini, kutoka kwa nani, na kwa nia gani.

Sefiroti kumi ni kitu gani?

Wanakabala humwita Mungu kama alivyo Yeye mwenyewe Ein Sof, yaani "bila mwisho", na hapo hawana la kuongeza, maana hakuna fikra inayomfikia. Sefiroti ni namna kumi ambazo kwazo anajidhihirisha na kuutunza ulimwengu. Nazo ni Keter, taji, Khokhma, hekima, Bina, ufahamu, Khesed, fadhili, Gevura, nguvu na ukali, Tiferet, uzuri, Netsakh, ushindi na kudumu, Hod, utukufu, Yesod, msingi, na Malkhut, ufalme.

Yasome tena kwa sikio la Kiswahili. Khokhma na *hekima* ni mzizi mmoja. Bina ni ndugu wa *bayana* na *kubaini*. Malkhut imekaa nyumba moja na *malkia* na *miliki*. Hiyo ni nafasi ambayo msomaji wa lugha nyingi za Ulaya hana, ila tahadhari: undugu wa mzizi hauna maana kwamba maneno yanasema kitu kilekile. Hekima ya babu anayetatua ugomvi wa mpaka na Khokhma ya Kabala, ile cheche ya wazo kabla halijafafanuliwa, ni mambo mawili.

Swali linalofuata huwa ni hili: je, hao ni miungu kumi? Hapana kabisa. Moshe Cordovero, mwalimu mkubwa wa Safed aliyeishi kati ya 1522 na 1570, alitoa mfano wa maji yanayomiminwa katika vyombo vya rangi mbalimbali. Chombo chekundu huyaonyesha mekundu, cha kijani huyaonyesha ya kijani, na maji hayana rangi hata moja.

Wanaposema nefesh na ruakh, ni nafsi na roho zetu?

Kwa asili ya maneno, ndiyo. Kwa matumizi, karibu. Kabala inataja ngazi tano za uhai wa ndani: nefesh, ruakh, neshama, khaya na yekhida. Nefesh ndiyo inayoutia mwili mwendo, ruakh inahusu hisia na tabia, neshama inahusu ufahamu wa juu. Mbili za mwisho anayeanza aziache kwanza. Hazina kazi kwake kwa sasa, na nimeona watu wakizijadili saa nzima huku nefesh zao zina njaa na hasira.

Lazima nijue Kiebrania?

Kwa kuanza, hapana. Lakini jifunze herufi zile 22, ni kazi ya wiki mbili kwa anayekazana, kwa sababu maandiko yenyewe hucheza na umbo na hesabu za herufi na bila kuziona utakuwa unasimuliwa tu. Waliosoma chuo cha Kurani wanazishika upesi: alef ni alifu, bet ni be, dalet ni dali. Wala matamshi si tatizo, kwani ile *kh* ya Khesed ni ya koo kama ya *kheri*.

## Vitabu na walimu

Nianze na Zohar?

Usianze nacho. Najua ndicho kitabu ambacho kila mtu amekisikia, lakini Zohar ni bahari. Kimeandikwa sehemu kubwa kwa Kiaramu, kwa mfumo wa mazungumzo ya marabi wanaosafiri njiani Galilaya wakifafanua Tora, yaani vitabu vitano vya Musa, na kila sentensi inadhani wewe tayari unaijua Biblia ya Kiebrania na sefiroti zote kumi. Mtu asiyejua kwamba "mto utokao Edeni" ni Bina ataona hadithi za mito na bustani na kukifunga.

Kuhusu aliyekiandika, kuna majibu mawili na afadhali uyajue yote. Mapokeo yanakihusisha na rabi Shimon bar Yokhai wa karne ya 2, ambaye kaburi lake huko Meron huzuruwa na umati mkubwa kila mwaka. Wanahistoria, hasa Gershom Scholem (1897–1982), walionyesha kwa uchambuzi wa lugha kwamba kilitokea Castile mwishoni mwa karne ya 13 mikononi mwa Moshe de León, aliyefariki 1305; wengine leo wanaona kazi ya kikundi kizima cha waandishi. Kwangu mimi nguvu ya kitabu haipungui kwa jibu la pili. Wasomaji wangu wawili walidhani inapungua, tukabishana jioni nzima, na hadi leo tunasoma pamoja.

Ukifika wakati wake, na kama Kiingereza chako kiko vizuri, kuna tafsiri ya juzuu 12 iliyoanzishwa na Daniel Matt na kukamilika 2017. Maelezo yake ya chini ya ukurasa ni shule tosha.

Basi nianze na nini?

Na Tomer Devora, yaani "Mtende wa Debora", cha yuleyule Cordovero. Kina sura kumi fupi, na swali lake ni moja: ikiwa mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, anauigaje mfano huo kwa matendo, sefira kwa sefira?

Sura ya kwanza inasimama juu ya Mika 7:18–20. Fungua Biblia ya Kiswahili usome mistari hiyo mitatu, inayoanza kwa "Ni nani aliye Mungu kama wewe". Cordovero anaona ndani yake sifa 13 za rehema, na ya kwanza ndiyo iliyonishika mimi. Anasema hakuna saa ambayo mtu haishi kwa nguvu inayotoka juu. Basi hata pale anapomkosea Mungu, anapoinua mkono kufanya ubaya, nguvu ya kuuinua mkono ule anapewa na Yuleyule anayemkosea. Mungu angeweza kuizuia na mkono ukakauka. Anavumilia kutukanwa huku akiendelea kumlisha anayemtukana. Halafu Cordovero anamgeukia msomaji: nawe fanya vivyo hivyo, usimkatie mtu wema wako kwa kuwa amekutukana.

Sura ya pili inahusu Keter, taji, sefira ya juu kuliko zote, na mtu angetarajia mambo ya mbinguni. Cordovero anazungumzia masikio yanayokataa masengenyo, paji la uso lisilokunjwa mbele ya mtu, na mdomo usiotoa neno baya. Soma sura hizo mbili kwa mwezi mzima kabla ya kuendelea.

Naweza kusoma peke yangu, bila mwalimu?

Kuanza unaweza. Kufika mbali peke yako ni vigumu, na waliokutangulia hawakufanya hivyo. Mafundisho ya Isaac Luria, aliyefika Safed 1570 na kufariki kwa tauni 1572 akiwa na miaka 38, tunayo kwa sababu tu mwanafunzi wake Khaim Vital na wenzake waliyaandika. Luria mwenyewe aliandika kidogo sana. Hata Zohar ni kitabu cha wenzi wanaotembea pamoja. Tafuta mtu mmoja wa kusoma naye kwa sauti, hata kwa simu. Makosa yako ya kuelewa utayasikia pale unapojaribu kumweleza mwingine.

Kuna mtu mtandaoni anauza uzi mwekundu, maji na picha za kinga, anasema ni Kabala. Ninunue?

Usinunue. Uzi mwekundu ni desturi ya Kiyahudi ya kweli, wapo wanaouzungusha kwenye kaburi la Raheli karibu na Bethlehemu kisha kuufunga mkononi, lakini hauhusiani na kujifunza Kabala. Nami nilishawahi kulipa fedha nyingi kwa kozi fulani iliyoniahidi "kufungua milango ya riziki" ndani ya siku 40. Niliyoyapata yalikuwa kurasa sita za dondoo na namba ya kulipia hatua ya pili. Mwalimu wa kweli anaweza kuomba mchango wa vitabu au wa ukumbi. Akianza kuuza matokeo, ondoka.

## Kukua kiroho kwenyewe

Kukua kiroho kwa mujibu wa Kabala maana yake nini?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo swali linalobeba mengine yote.

Rabi Yehuda Ashlag, aliyezaliwa Warsaw, akahamia Jerusalem 1921 na kufariki 1954, aliandika ufafanuzi wa Zohar unaoitwa Sulam, "Ngazi". Alifundisha kwamba kiini cha kila kiumbe ni utashi wa kupokea. Muumba anatoa, kiumbe anapokea. Bila utashi huo kusingekuwa na kiumbe. Kwa hiyo kutaka si dhambi. Tatizo ni kwamba anayepokea kwa ajili yake tu anakuwa kinyume cha Yule anayempa, na katika mambo ya roho umbali ni kutofanana. Vitu viwili vinavyofanana viko karibu, vinavyopingana viko mbali, hata vikiwa chumba kimoja.

Sasa mtu ambaye hana chochote asichopewa atafananaje na Mtoaji? Ashlag anajibu kwa mfano wa mgeni na mwenyeji, na mfano huu ni kama uliandikwa uani kwetu. Mgeni anafika ana njaa. Mwenyeji ametenga: wali umefunikwa kwa kawa, samaki wa kupaka, bakuli la mchuzi. "Karibu chakula." Mgeni anasema ameshiba, ingawa tumbo linamsuta, kwa sababu kula cha mtu kunamtia haya. Mapokeo yana jina la haya hiyo, "mkate wa aibu". Mwenyeji anasisitiza: onja tu, nimepika kwa ajili yako, usipokula chakula changu nitajisikia vibaya. Anasisitiza tena. Inafika hatua mgeni anaona wazi kwamba kukataa kwake kunamuumiza mwenyeji na kula kwake kutamfurahisha. Hapo ananawa. Chakula ni kilekile, njaa ni ileile, utamu ni uleule, lakini sasa kila tonge ni zawadi anayompa mwenyeji. Amepokea ili atoe.

Wazee wetu walisema *mgeni njoo mwenyeji apone*. Siku kikundi chetu kilipofika kwenye mfano huu, mama mmoja wa makamo alitamka methali hiyo kwa sauti ya chini, na hatukuhitaji maelezo zaidi.

Kukua kiroho, basi, ni nia kugeuka kidogo kidogo kutoka kwa mgeni wa mwanzo kwenda kwa mgeni wa mwisho. Ona pia kwamba alianza kwa kukataa. Hatua ya kujizuia haiepukiki. Bila kuifunika sahani kwanza, mkono huwahi kabla ya nia.

Lakini mimi naanza kwa sababu nataka amani ya moyo na maisha bora. Je, hiyo si nia mbaya?

Ni nia ya mwanzo, na inaruhusiwa. Talmud, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi wa kale, inasema mtu ajishughulishe na Tora hata kama si kwa ajili yake yenyewe, kwa kuwa kutoka huko atafikia kuifanya kwa ajili yake. Ashlag alilitegemea sana neno hili. Usijifanye umeshafika, jua tu uko wapi.

Nitajuaje kwamba nakua?

Usipime kwa ndoto, mwanga, wala joto kifuani. Hivyo huja na kwenda, na vingine huletwa na kukosa usingizi.

Nitasema lililonipata. Mwishoni mwa mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naweza kuzitaja sefiroti kumi kwa mpangilio, na kuchora kwa chaki mti wao wote, yaani ule mchoro unaoziunganisha, na mistari yake 22. Wakati huohuo nilikuwa sijazungumza na mdogo wangu kwa miezi minane kwa ajili ya kipande cha shamba alilotuachia baba, pale penye minazi mitatu. Jioni moja nilikuwa nawafundisha wengine juu ya Khesed, fadhili zisizohesabu, simu ikaita, nikaona jina lake, nikaizima nikaendelea kufundisha. Nilipofika nyumbani sikulala. Nilichokuwa nacho kilikuwa ramani ya mji ambao sijaingia. Asubuhi nilimpigia mimi. Minazi ile sasa tunaiangua pamoja, na bado tunabishana, lakini tunaongea.

Kipimo changu tangu hapo ni watu wa karibu. Muulize mwenzi wako, au mtoto wako, kama katika miezi sita iliyopita umekuwa mwepesi au mgumu zaidi kuishi naye.

Kuna zoezi lolote la kila siku?

Lipo moja lenye mpangilio mzuri kwa anayeanza. Kati ya Pasaka ya Kiyahudi na sikukuu ya Shavuot Wayahudi huhesabu siku 49, iitwayo hesabu ya Omer. Wanakabala wameziunganisha siku hizo na sefiroti saba za chini: wiki ya kwanza ni ya Khesed, ya pili ya Gevura, hadi ya saba ya Malkhut. Ndani ya kila wiki, kila siku pia ina sefira yake. Kwa hiyo siku ya kwanza ni Khesed ndani ya Khesed, ya pili ni Gevura ndani ya Khesed, na kuendelea.

Kwa vitendo: siku ya pili unatazama fadhili zako zina mipaka gani. Jirani amekuja kukopa mara ya tatu na hajalipa mbili za mwanzo. Khesed inasema mpe, Gevura inauliza kama unampa yeye au unajinunulia sifa ya ukarimu, na kama unga wa watoto wako utabaki. Huandiki jibu zuri daftarini, unafanya jambo moja siku hiyo. Mimi hutenga dakika ishirini alfajiri kusoma, na usiku mistari mitatu ya kuandika kilichotokea.

Kuhesabu kwa baraka na amri zake ni ibada ya Wayahudi. Asiye Myahudi anaweza kujifunza mpangilio wake bila kuigiza ibada isiyo yake. Nimeligusia zaidi kwenye swali la Waislamu na Wakristo hapa chini.

Lazima niache starehe, ndoa, biashara?

Hapana. Safed walikuwepo waliofunga sana, lakini wanakabala walioa, wakalea, wakafanya kazi. Luria alifanya biashara. Mfano wa mgeni hauishii na mgeni kukimbia chakula.

Kama Mungu ni mwema, Kabala inaelezaje maumivu na uovu?

Luria alisimulia hivi. Kabla ya kuumba, Ein Sof alijibana, akaacha nafasi. Hili huitwa tsimtsum. Ndani ya nafasi hiyo nuru ikaingia katika vyombo. Vile vitatu vya juu vilihimili, saba vya chini vikavunjika. Nuru nyingi ilirudi ilikotoka, lakini cheche zilinasa kwenye vigae na kuanguka navyo. Uovu unajilisha kwa cheche hizo. Unaitwa *kelipot*, maganda, kwa kuwa unaifunika nuru kama ganda linavyofunika tunda. Kazi ya mwanadamu ni tikun, kutengeneza: kwa tendo jema, kwa sala, hata kwa tonge lililoliwa kwa nia safi, cheche inainuliwa.

Mwenye kufiwa usimpelekee hadithi hii kama jibu. Nimeona ikifanywa, na iliumiza. Inafaa kwa mtu anayejiuliza afanye nini kesho asubuhi katika ulimwengu ambao vyombo vyake vimeshavunjika. Aliye msibani anahitaji watu wakae naye mkekani.

## Maswali yenye utata

Mimi ni Muislamu, au Mkristo. Naweza kusoma bila kuiacha dini yangu?

Kusoma unaweza, na hakuna anayekutaka ubadili dini. Miongoni mwa Wayahudi wenyewe maoni yanatofautiana: wengi wanashikilia kwamba Kabala haitengani na kushika amri za Tora, na wengine, Ashlag akiwa mmoja wao, walitaka elimu hii isambae. Ushauri wangu ni kuingia kama mgeni mwenye adabu. Usiivunje nyumba ya wenyewe uchukue mlango tu. Ni elimu ya Wayahudi, imeandikwa na watu walioishika Sabato, na wengi wa wale wa Safed walibeba mioyoni kufukuzwa kwa Wayahudi kutoka Hispania mwaka 1492.

Msomaji wa pwani aliyekulia karibu na tarika ataona mengi ya kufanana: dhikri, adabu ya mwalimu, vita na nafsi. Halikuanza leo. Abraham, mwana wa mwanafalsafa wa Kiyahudi Maimonides, na mwenyewe kiongozi wa Wayahudi wa Misri aliyeishi 1186–1237, ingawa hakuwa mwanakabala, aliwasifu masufi waziwazi na kuchukua baadhi ya desturi zao za ibada. Hata hivyo, kama dhamiri inakusuta, zungumza na sheikh au mchungaji wako kabla ya kuendelea.

Je, Kabala ni uchawi? Zile hesabu za herufi si kama falaki?

Kabala ipo ya kutafakari na ipo iliyoitwa "ya matendo", yenye hirizi na majina. Hiyo ya pili ilikuwepo kweli, na Luria aliwazuia wanafunzi wake wasiiguse. Ukurasa huu hauihusu.

Hesabu za herufi, gematria, zinatumia mfumo uleule wa abjadi ambao watu wa falaki wa kwetu wanaujua: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4. Tofauti iko kwenye kazi. Mtazamia anahesabu jina lako ajue nyota yako. Mwanakabala anahesabu neno la Maandiko atafakari. Mfano maarufu: *ahava*, upendo, ni 1+5+2+5, jumla 13. *Ekhad*, mmoja, ni 1+8+4, nayo 13. Upendo na umoja pamoja ni 26, na 26 ndiyo hesabu ya Jina la Mungu la herufi nne, 10+5+6+5. Hiyo haithibitishi kitu. Inakupa jambo la kukaa nalo ukiwa unachota maji.

Nimesikia ni haramu kusoma kabla ya miaka 40.

Katazo lina historia. Mwaka 1665 Sabbatai Zevi alitangazwa kuwa Masihi, akivutia umati kwa mafundisho ya Kabala, na 1666 akasilimu mbele ya utawala wa Osmania. Wafuasi wake walivunjika moyo vibaya, na vikundi vya siri viliendelea kwa vizazi. Mwaka 1756, mkutano wa marabi huko Brody, mji ulio Ukraine ya leo, uliweka miaka 30 kwa Zohar na 40 kwa maandishi ya Luria. Cordovero alianza akiwa na miaka 20, na Luria hakuifikia 40. Ninachokichukua hapo ni hofu iliyokuwa na sababu: walitaka kwanza mtu awe na elimu ya msingi na maisha yaliyotulia. Kwa kijana wa miaka 22 nasema soma Tomer Devora, hakuna aliyewahi kuumizwa nacho.

Na wanawake?

Kimapokeo walizuiwa, leo wengi wanasoma na kufundisha. Hata Safed ya karne ya 16, Khaim Vital anamtaja katika daftari lake la maono mwanamke aitwaye Francesa Sarah, aliyeheshimiwa kwa maono yake.

Kabala inaamini kuzaliwa upya? Naweza kujua nilikuwa nani?

Inayo fundisho la *gilgul*, mzunguko wa roho, na Vital ameliandikia kitabu kizima. Roho hurudi kutengeneza lililobaki. Lakini swali la "nilikuwa nani" karibu kila mara huishia kwenye wafalme na manabii. Wengi wa imani zetu hawalikubali fundisho hili, na unaweza kuliweka kando bila kupoteza chochote cha sehemu ya tatu ya ukurasa huu.

Tangu nianze nasikia sauti, silali, naona nambari kila mahali. Ni hatua ya juu?

Simamisha masomo leo. Mwambie mtu wa nyumbani, na muone daktari wa afya ya akili. Talmud inasimulia juu ya wanne walioingia bustanini: Ben Azai alitazama akafa, Ben Zoma alitazama akadhurika, wa tatu alikata mimea, yaani aliiacha imani, na rabi Akiva peke yake akaingia kwa amani na kutoka kwa amani. Wote wanne walikuwa wanazuoni. Mapokeo yenyewe yanajua hatari hii, na hayamsifu anayeipuuza.

Kadi za tarot, zile za kutazamia, na ule mti wa sefiroti wa kwenye vitabu vya Ulaya ni Kabala?

Ni tawi lingine. Wakristo wa Ulaya waliichukua Kabala tangu mwanafalsafa wa Italia Pico della Mirandola mwaka 1486, na vyama vya siri vya London vya karne ya 19 vikaichanganya na tarot. Usivitumie kuielewa Zohar.

Nimesoma mwaka mzima na sihisi chochote. Niache?

Kwanza tazama unasoma nini. Kama ni michoro na majina ya malimwengu, rudi kwenye sura mbili za Cordovero nilizozitaja kwenye swali la vitabu, usome aya moja tu kwa siku. Tazama pia unasoma na nani. Wengi wanaokauka wanasoma peke yao usiku wa manane kwenye simu.

Halafu chagua mtu mmoja ambaye humpokei. Simaanishi adui mkubwa. Shemeji anayeongea sana, mpangaji wa chumba cha pili, mzee wa kazini anayerudia hadithi moja. Kwa siku saba, akija, mpe kiti, mwache amalize hadithi yake, na chai akikuletea, inywe.